Kabla Shingo Haijaingia Kwenye Sumaku

Wanangu, mimi nimekula mshahara wa serikali kwa kupiga watu picha ambazo hakuna aliyezitundika sebuleni. Nilianzia hapa Korogwe kwenye eksirei, enzi za chumba cha giza, filamu zikioshwa kwenye matangi na kuanikwa kama nguo. Nikamalizia hospitali kubwa ya jijini kwenye MRI, ambako filamu hakuna, matangi hakuna, na kiyoyozi kinakuvalisha sweta mwezi wa pili. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Old Korogwe, nafuga kuku. Lakini watu wamekataa kunistaafisha. Mtu akipewa rufaa ya kipimo kikubwa, awe wa Magoma au wa Handeni, analetwa kwangu kwanza kama mwari anavyopelekwa kwa kungwi, na mimi namfunda.

Leo nataka kuwafunda ninyi kuhusu MRI ya shingo, ile ya kuchomwa dawa katikati, maana hiyo ndiyo inayowanyima watu usingizi kuliko zote. Wale mnaosomea kazi hii, tegeni masikio. Na ninyi mnaojiona hamtaugua, tegeni zaidi.

Siku ya kwanza kuona shingo ya mtu kwenye skrini ya MRI nilisahau kukaa. Kwenye eksirei nilizoea mifupa, na mfupa ni mfupa. Hapa nikaona nyama. Nikaona ulimi unapoanzia, koo, tezi, mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani, na katikati ule uzi mkuu wa fahamu umetulia ndani ya maji yake. Kila tonge unalokula, kila pumzi, kila neno, kila amri inayoshuka kwenda kwenye kidole cha mguu, vyote vinapita kwenye kijia ambacho ukikizungushia viganja viwili umekimaliza. Nikasema "Subhanallah" kwa sauti mpaka daktari akageuka. Kazi ile niliifanya mpaka nikazeeka na sikuwahi kuizoea. Nawaombea na ninyi msiizoee.

Watu wakisikia mashine ya picha wanadhani mionzi. MRI haina mionzi. Ni sumaku, kubwa, yenye tundu katikati ambalo mtu analazwa ndani. Mwili wetu umejaa maji, na sumaku ile inayashika yale maji na kuyapanga. Kisha mawimbi ya redio yanayasukuma kidogo, na yanapojirudisha mahali pake yanatoa ishara, kompyuta inachora. Nimeisoma habari hiyo, nimeifanyia mtihani, nimefaulu, na mpaka leo nikiisimulia naona kama nasimulia muujiza. Maji ya shingoni mwako yanajibu yakiitwa, nawe umelala tu.

Sasa sumaku hiyo haizimwi jioni tukienda nyumbani. Umeme ukatike, ipo. Ijumaa ipo, sikukuu ipo. Kuna fundi wa feni aliwahi kuingia chumbani asubuhi, anasema mashine haijawashwa bado, kwa hiyo hakuna neno. Spana ilitoka mfukoni mwake ikakata hewa ikaenda kugonga mdomo wa mashine, ikakaa pale. Fundi alikaa sakafuni akajishika mwili mzima kuona kama yupo wote. Kuichomoa spana tulihangaika watu wazima kwa zamu. Ndiyo maana tunauliza maswali mpaka mnatuona wachunguzi wa polisi.

Aliyenifundisha kuuliza ni Mzee Hoza, mkuu wangu pale Korogwe nilipokuwa kijana. Alikuwa mfupi, mkali, anapenda karanga, na hakuwahi kuiona MRI hadi alipofariki. Lakini alikuwa na neno moja: "Swali la mwili linaulizwa mwili, haliulizwi msindikizaji." Mnajua desturi yetu. Mgonjwa hafiki hospitali peke yake. Anafika na mke, shemeji, shangazi, na ukimuuliza yeye unaumwa nini, shangazi anajibu. Ni heshima. Mgonjwa kazi yake ni kuumwa, kusema ni kazi ya waliomleta. Mzee Hoza alikuwa anawatoa nje wote kwa upole, anafunga mlango, anaanza upya. Nilidhani ni ukorofi wa uzee.

Mzee Athumani wa Kang'ata ndiye aliyenionyesha kwamba haukuwa ukorofi. Nilishastaafu wakati huo. Aliletwa kwangu na mkewe, Bi Mwanahamisi, pamoja na Rajabu, mdogo wake huyo mke. Walikuwa njiani kwenda jijini na karatasi ya rufaa ya MRI ya shingo yenye dawa, na kwa kuwa Bi Mwanahamisi ana ndugu jirani yangu, wakalala hapo, na kulipokucha wakavuka barabara kuja kwangu.

Mzee mwenyewe alikuwa mkulima wa mahindi, mrefu, mpole, anaongea kama anayepima maneno kabla ya kuyatoa. Juu kidogo ya mfupa wa mtulinga wake wa kulia palikuwa na uvimbe mgumu, na mkono wa kulia ulikuwa unakufa taratibu. Alishashika kikombe cha chai ya moto akaungua asijue. Harufu ndiyo iliyomwambia. Jembe lilikuwa linamtoka mkononi. Mkewe ndiye aliyekuwa anamfunga vifungo vya shati. Madaktari walitaka kujua uvimbe ule ni nini na umeshika nini, kabla mkono haujaondoka kabisa.

"Shikamoo mama," Rajabu akanisalimu. "Tumekuletea Mzigua wetu. Tunaambiwa ninyi Wasambaa mnatoza hata kumtazama mtu."

"Marahaba. Mzigua simtozi, namwonea huruma," nikamjibu, na tukacheka wote. Rajabu alikuwa mcheshi. Kuanzia mlangoni hadi kwenye mkeka alikuwa anamtania shemeji yake, anambebea kofia, anamsogezea mto. Niliona wanapendana.

Nikaanza kama kawaida. Bi Mwanahamisi akauliza lile ambalo kila mtu huuliza: "Mama, hiyo sindano ya nini? Si wanapiga picha tu?"

Nikamwambia: "Ukitaka kujua mfereji wa shamba unamwaga wapi, unafanya nini?"

"Nafungulia maji."

"Basi na wao wanafungulia. Uvimbe una mishipa yake ya damu. Wanapiga picha za kwanza bila dawa, kisha wanamchoma kwenye mshipa wa mkono, dawa inakwenda na damu, na pale penye shida panang'aa. Hapo daktari anajua kipi ni uvimbe, kipi ni nyama nzima, na mpaka uko wapi."

Nikamweleza mzee kwamba dawa ile ikiingia anaweza kuhisi ubaridi unapanda mkononi, au ladha ya ajabu mdomoni, na vyote hupita. Akihisi kuwashwa, kubanwa kifua au koo, aseme hapo hapo, asingoje kumaliza kwa adabu. Wenye pumu na waliowahi kudhurika na dawa ya picha waseme mapema. Mama mwenye mimba, au anayehisi tu kwamba huenda, aseme, na anayenyonyesha naye aseme. Na kwa kuwa dawa hiyo inatolewa na figo kupitia mkojo, wanaweza kupima damu kwanza waone figo zina nguvu.

"Figo zangu nzima," akasema Mzee Athumani.

"Umekunywa mizizi kwa ajili ya huo uvimbe?"

"Kidogo."

"Kidogo ya hospitali au kidogo ya Kizigua?"

Bi Mwanahamisi akaangua kicheko. "Madumu, mama! Nyumba nzima inanuka miti."

Sikumgombeza. Wagonjwa mnatuficha mizizi mkidhani tutawacheka, kumbe tunachotaka ni kujua figo zimebeba nini. Nilimwambia alitaje hilo kwa daktari bila aibu, na aende na dawa zake zote mkononi, za hospitali na za porini. Vidonge vya presha au sukari usiviache kwa kujiamulia, uliza. Kama utapewa masharti ya kutokula kabla, yafuate, maana kila hospitali ina utaratibu wake. Na kama ni Ramadhani, waambie umefunga, wakupangie vizuri.

Kisha nikafika kwenye vyuma. Hapa huwa napunguza mwendo. Shingo ndiyo mahali ambapo watu wa kwetu wametundika maisha yao: mkufu, hirizi, pini za ushungi, hereni, vibanio vya wigi, meno ya bandia juu kidogo. Kuna bibi harusi mmoja alikuja jijini bado ana pini za ushungi ambazo hata yeye hakumbuki alizichomeka wapi. Tulizichambua kichwani mwake kama watu wanaochambua mchele. Kuna mama wa Magoma alivua kila kitu, akabaki na hirizi ya kiunoni, anasema hiyo si pambo, ni ulinzi. Sikubishana naye. Nilimwambia ampe binti yake aishike mlangoni, ulinzi ukae mlangoni. Akaona ni jambo la busara. Vijana wa kisasa nao wana kope za bandia za sumaku! Mwe! Sumaku unaipelekea sumaku mwenzake, machoni!

Lakini vya nje ni rahisi. Vya ndani ndivyo vinavyoua. Kifaa cha kusaidia moyo, vyuma alivyofungwa mtu mfupa ulipovunjika, kitanzi cha uzazi, chembe ya chuma iliyomrukia fundi wa kuchomelea jichoni ikasahaulika. Vingi kati ya hivyo havina neno, na vingine vina neno kubwa. Si kazi yako mgonjwa kuamua kipi ni kipi. Kazi yako ni kusema vyote.

"Na ukiingia na chuma ndani ya mwili?" Rajabu akauliza. Alikuwa bado anatabasamu.

"Kinaweza kugeuka. Kinaweza kusogea. Kikiwa karibu na mshipa mkubwa wa damu shingoni, kinaukata, na hakuna wa kukukimbilia."

Tabasamu lilimtoka Rajabu kama taa iliyozimwa. Hakutania tena asubuhi ile. Mimi nilidhani ameogopa kwa niaba ya shemeji yake.

Mzee Athumani akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kuulizwa: "Mama, chuma kikikaa mahali miaka mingi, hakijazoea?"

"Kuzoea nini, mzee?"

"Kuzoea nyama."

"Sumaku haijui mambo ya kuzoea," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akatazama mkeka.

Nikataka kumwonyesha jinsi watakavyomfunika shingo kwa kile kifaa cha kupokea ishara, maana watu wakifunikwa ghafla wanapaniki. Nikamwomba afungue kola. Nyuma ya bega la kulia, ikipanda shingoni, nikaona makovu. Madogo, ya mviringo, yametawanyika.

"Haya ya nini?"

"Alianguka juu ya kisiki shambani," akajibu Bi Mwanahamisi kabla mumewe hajameza mate. "Zamani. Kilimchoma, tukamtibu nyumbani."

Kisiki kinachoma mahali pamoja. Kisiki hakitawanyi. Nikamkumbuka Mzee Hoza, nikawaomba Bi Mwanahamisi na Rajabu waende wakawatazame kuku wangu. Rajabu aliondoka kama aliyesukumwa. Nikamuuliza mzee akiwa peke yake, kwa adabu, nikarudia kwa njia nyingine.

"Mama, limeshajibiwa," akasema. Sauti haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyefunga mlango na kuegemea.

Sikuwa na mamlaka ya kumlazimisha. Lakini jambo moja nililiweza: wenzake waliporudi, nilimshauri apite hospitali ya hapa Korogwe kabla ya basi, daktari amwandikie eksirei ya shingo. Nanyi lishikeni hilo. Palipo na shaka ya chuma mwilini, eksirei ya kawaida inatangulia MRI, na hakuna ujanja wa kuiruka. Alikubali, nadhani kwa sababu kukataa mbele ya mkewe kungekuwa kusema.

Msichana aliyekuwa zamu anaitwa Neema, nilimfundisha kazi mwenyewe akiwa mwanafunzi. Alipiga picha, kisha akatoka mlangoni akanitazama. Daktari alikuwa ameshaingia. Mzee Athumani akaomba na mimi niingie.

Kwenye eksirei chuma hakifichiki, kinatoka cheupe kuliko mfupa. Vipande vilikuwa vimetapakaa begani kama punje zilizomwagika. Na kimoja, kirefu kidogo, kilikuwa kimekaa juu ya mtulinga, pale pale penye uvimbe, pembeni ya mshipa mkubwa wa damu. Mtu huyu alikuwa na karatasi mfukoni, na tiketi ya basi, na siku iliyofuata angelala kwenye sumaku akinyamaza.

Hakungoja kuulizwa. Alisimulia akitazama ile picha, na sikuona kama anamsimulia daktari. Alikuwa anajisimulia mwenyewe. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi. Alfajiri moja yeye na Rajabu waliwazingira, Rajabu na gobore lake lisilo na kibali, limeshindiliwa baruti na vipande vya nondo, kisha vitambaa. Ukungu ulikuwa mzito. Nguruwe alikimbia huku, Rajabu akapiga huku. Athumani alipoamka yuko chini, na kijana analia juu yake kama mtoto.

"Alikuwa ameoa juzi juzi," akasema. "Polisi wangemchukua. Na mke wangu, yule ndiye mdogo wake pekee, amemlea mgongoni. Nikamwambia, Rajabu, hili limefia hapa hapa. Ni kisiki."

Daktari akamweleza kwamba MRI haiwezekani. Mzee akauliza jambo moja tu: "Mke wangu ataiona hii picha?"

"Siri ya mwili wako ni yako," daktari akamjibu.

"Basi niacheni niende hukohuko mjini, mke wangu asije akauliza kwa nini nimerudishwa. Hawanijui. Nitasema sina kitu."

Hapo nilipandwa na hasira, wanangu, siwafichi. Nilisahau adabu, nikampandishia sauti mzee wa watu. Nikamwambia atakufa mbele ya watoto waliosomea kumponya, nao wataishi na hiyo picha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama," akasema, "nikifa kwa chuma, nimekufa. Lakini nikiuvunja undugu wa wale wawili, nitaishi nikiutazama."

Nimetumia maisha yangu kutazama ndani ya watu, na nilijivuna kwamba nimeona yote. Huyu alikuwa amebeba chuma shingoni mwake ili watu wengine walale salama, na alikuwa tayari kukipeleka kwenye sumaku akijua. Nilimwona mjinga, na papo hapo nilimstahi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumlaza kitandani.

Daktari akamfungulia mlango. Bi Mwanahamisi na Rajabu walikuwa kwenye benchi la ukumbini, Rajabu amepakata kikapu cha chakula. Alitutazama usoni mmoja mmoja. Akakiweka kikapu chini.

"Shemeji, kaa kimya," Mzee Athumani akasema.

"Nimekaa sana," Rajabu akajibu. Akamgeukia dada yake. Hakupiga magoti, hakulia. "Dada, hakikuwa kisiki. Ni mimi. Nilipiga nguruwe nikampata yeye. Vile vyuma vimo mpaka leo."

Watu walikuwa wanapita, kuna mtoto alikuwa analia dirisha la dawa. Bi Mwanahamisi alikaa akimtazama mdogo wake, na nilijiandaa kwa kelele. Alipofungua mdomo aliongea polepole.

"Kile kisiki nilikichimba," akasema. "Nilikwenda na shoka nikakikata mizizi peke yangu, viganja vikatoka malengelenge. Nikakichoma moto. Nikakilaani mpaka kikawa majivu. Na wewe ulikuja jioni ile, ukala kwangu, ukanipa pole ya mikono."

Rajabu akainamisha kichwa.

Akamgeukia mumewe. Kola ilikuwa bado wazi kutoka chumba cha picha, na mkono wake ule hauwezi kifungo. Bi Mwanahamisi akasimama, akakifunga. Akakinyoosha kola. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia: "Haya mama, kama hicho cha sumaku hakimfai, kipimo kingine kiko chumba gani?"

Kipimo kingine ni CT, hicho hakina sumaku. Nacho kina dawa yake ya mshipani, ya aina nyingine, ambayo mwili mzima huhisi joto ikipita, na nayo inaulizia figo vile vile. Walikifuata jijini, safari hii wakisema kila kitu. Majibu alitoa daktari bingwa, maana sisi wapiga picha hatutoi majibu hata mgonjwa akitushika mguu, msituonee. Ule uvimbe haukuwa saratani. Kilikuwa ni kile kipande cha nondo na kitambaa cha gobore kilichoingia nacho. Mwili ulikuwa umekikataa tangu siku ile, ukashindwa kukitoa, ukaanza kukizungushia nyama yake wenyewe, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka, mpaka nyama ile ikaanza kuibana mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Hakuna aliyeuamuru mwili ule kulinda. Na hakuna mashine, hata ile niliyoisujudia maisha yangu yote, iliyowahi kunishangaza hivyo.

Kwa hiyo siku ukipelekwa kwenye MRI ya shingo, fanya haya. Vaa nguo nyepesi isiyo na zipu. Acha vito nyumbani. Ukilala mle ndani utasikia makelele kama gereji ya wanyoosha mabati. Utapewa vya kuziba masikio, navyo ni vya kutumia, si vya kushika. Usitikisike. Mashine ikigonga usimeze mate ukiweza, maana koo likicheza picha inavurugika, ikinyamaza, meza. Pumua taratibu. Utapewa kipira mkononi, ukizidiwa kibonyeze, tutakuja. Kuogopa si aibu, nimewatoa mle wanajeshi wakitetemeka. Ila mwambie mtu mapema kwamba unaogopa mahali finyu. Ukimaliza, kaa kidogo usiruke kwenda stendi. Na ukiulizwa, jibu wewe. Kama jibu lako haliwezi kusemwa mbele ya uliyekuja naye, omba atoke. Ninyi mnaoshika kazi hii, msingoje aombe; mtoeni nyie.

Daktari mpasuaji alikitoa kile kipande kirefu. Vile vya begani aliviacha, havikuwa na madhara pale vilipo, ila MRI kwa Mzee Athumani ni haramu mpaka mwisho wake, na analisema hilo sasa kila zahanati anayoingia, hata akienda kutibiwa mafua. Msimu ule Rajabu alilima mashamba mawili, lake na la shemeji yake. Bi Mwanahamisi hakumsemesha hadi palizi ya pili, ila chakula alikuwa anampelekea mwenyewe shambani, anakiweka, anaondoka.

Kuhusu mkono, daktari hakuahidi. Alisema mishipa iliyobanwa muda mrefu hurudi polepole, au hairudi. Nilikuwa nauliza habari kwa jirani, naambiwa bado. Jembe bado. Vifungo bado. Nikaacha kuuliza, nikawa naomba tu.

Asubuhi moja nawapa kuku chakula, simu ikalia. Alikuwa Mzee Athumani, na alisalimia kwa kirefu kama kawaida yake, mpaka habari za vifaranga.

"Mama," akasema mwishoni, "leo nimetawadha."

Mtu wa swala anatawadha kila siku.

"Maji yalikuwa ya baridi," akasema. "Mkono wa kulia, mama. Nimeusikia ubaridi."